Malazi ya Meneja

Mbwa wa Leonsia aliitwa Meneja. Jina hilo alipewa na marehemu Apolinary, mume wa Leonsia, mwaka ule kiwanda cha nguo alichofanyia kazi hapo Nyakato kilipoletewa meneja mpya kabla watu hawajalizoea jina la yule wa zamani. Apolinary alisema kiwandani mameneja wanampita bila salamu, basi na yeye afuge mmoja nyumbani atakayemtingishia mkia. Alimleta kutoka kwao Muleba kwa meli, ndani ya tenga lililotandikwa nyasi. Baadaye kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na Apolinary akiwamo. Baadaye tena Mungu akamwita, na waliobaki katika nyumba ile wakawa Leonsia na Meneja.

Mtoto wao pekee, Venant, alikuwa Dar es Salaam. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza kukibeba, yeye aliuza redio na pasi za umeme Kariakoo, akajenga Tabata, akamwoa Winnie, wakapata mtoto. Pasaka ile alikuja Mwanza bila kutoa taarifa. Akafungua geti, akapita barazani mbwa alipolala, akaingia sebuleni, akamkuta mama yake amesinzia kitini na rozari mkononi. Akakaa, akasubiri aamke. Meneja hakubweka. Alifungua jicho moja, akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa, akaona yaishe.

"Mama," Venant alisema baada ya shikamoo na chai, "ningekuwa mwizi ningekuwa nimeshahamisha kabati."

"Ungekuwa mwizi usingenisubiri niamke."

Venant akautazama mlango. Siku hizo walikuwapo vijana waliotembea na jiwe kubwa waliloliita fatuma. Mlango ukipigwa nalo mara moja unalala chini na bawaba zake, na mtaa wa pili walikuwa wamekwishapita. Basi akatoa hukumu. Mwezi wa nane angerudi. Akimkuta mbwa anasimama na kufanya kazi ya mbwa, mama atabaki. Akimkuta vile vile, nyumba itapangishwa na mama atapanda naye treni.

Leonsia aliijua Dar. Alikaa huko Winnie alipojifungua. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake. Asubuhi mwana na mkwe walitoka, jioni walirudi, na katikati alikuwapo yeye, mtoto na televisheni. Jumapili walikwenda kanisani kwa gari na kurudi kwa gari, na hakuna aliyemwuliza jina. Ndizi za sokoni alizipika tangu asubuhi, zikakataa kulainika, akazishukuru kwa kumpotezea muda. Nyakato alikuwa na jumuiya yake ya sala, migomba yake nyuma ya nyumba, mbegu ya Muleba, na mlango uliokuwa wake kuufungua na kuufunga. Mlango huo sasa ulitegemea miguu ya nyuma ya mbwa mzee.

Akamwita bwana mifugo, jina lake Masalu. Masalu alimbonyeza Meneja kiunoni, Meneja akashusha pumzi, na Masalu akasema huu si ugonjwa wa sindano. Huu ni uzee ukichanganyika na saruji. Saruji ya baraza inakunywa baridi ya ziwa usiku kucha na kuimimina kwenye mifupa ya mbwa. Anahitaji malazi laini, makavu, yasiyopigwa na upepo, tena yawe mahali anapowaona watu wake, maana mbwa akilazwa asikoona mtu anakata tamaa kama mzee yeyote.

"Nikimpatia hayo atasimama?"

"Atasimama."

"Na kubweka?"

"Kubweka ni juu yake, mama."

Leonsia hakuwa na hakika kama inafaa kumwombea mbwa. Alimwuliza katekista, katekista akasema hajaona mahali palipokatazwa, ila pia hajaona palipoagizwa. Kwa hiyo kila asubuhi alisali fungu moja la rozari kwa nia inayojulikana na Mungu, akamkumbusha na Mtakatifu Roko, ambaye picha zake hazikosi mbwa miguuni, kisha akaanza kutafuta kitanda.

Cha kwanza alikipata kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja. Kilikuwa godoro la duara lenye kingo zilizoinuka, na pembeni limeshonwa picha ya mfupa. Muuzaji aliapa kwamba ni kiti cha mtoto anayejifunza kukaa. Leonsia alikibonyeza, akakinusa, akakibeba kichwani hadi nyumbani, akakiweka pembeni ya kabati. Masalu alipopita akakitazama akasema hiki ni kitanda cha mbwa hasa, amewahi kukiona kwenye kitabu chuoni, Wazungu wanavitengeneza. Meneja naye alikitazama. Akalala kando yake, juu ya saruji, amekipa mgongo. Siku ya tatu kuku akakiona kinafaa, akataga humo, na tangu hapo kikawa cha kuku.

Cha pili kilikuwa gunia lililojazwa pamba iliyobaki ghalani, aliloletewa na mtu wa Magu. Lilikuwa laini kuliko godoro la Leonsia mwenyewe. Alilijaribu jikoni, Meneja akakohoa moshi. Alilijaribu kwenye korido, upepo ukapita chini ya mlango wa nyuma na kumfuata kiunoni. Alilijaribu chumbani kwake, karibu na kitanda, na usiku huo Meneja alilia kwa sauti ndogo kama mtu anayesahau maneno ya wimbo, kwa sababu kutoka pale hakuuona mlango wa mbele. Asubuhi Leonsia akalivuta gunia hadi sebuleni. Meneja akalipanda, akadidimia katikati, na kutoka akashindwa. Ikabidi ainuliwe kwa mikono. Juu ya hayo, viroboto wote wa Nyakato walikuwa wamehamia kwenye ile pamba.

Mwezi wa nane ukaingia. Venant akapiga simu kwenye duka la jirani, akaacha ujumbe kwamba yumo safarini, atafika Jumamosi.

Ijumaa jioni, Leonsia akimkanda Meneja kiuno kwa maji ya chumvi, ndipo alipoliona jambo lililokuwa wazi. Mbwa huyu alizaliwa nyasini. Alivuka ziwa juu ya nyasi. Kwao Muleba hata watu, nyumba ikitakiwa kuwa nyumba, hutandika nyasi laini sakafuni, na wazee hulala juu yake bila kulalamika viuno. Apolinary aliishi mjini, akazikwa kijijini kwao, na mbwa wake analetewa kiti cha mtoto wa Kizungu.

Alfajiri ya Jumamosi alikwenda kwa jirani yake Mashimba, fundi seremala, Msukuma mpole mwenye mkokoteni, akamwomba amletee nyasi za kando ya ziwa zilizokwisha kukauka. Mashimba hakuuliza za nini. Mjane akiomba kitu alfajiri humwulizi. Mkokoteni ukapita katikati ya mtaa umejaa hadi juu, na watu waliokuwa wanapiga mswaki nje wakausindikiza kwa macho.

Leonsia alijifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani kwa ajili ya vumbi. Akatoa viti vyote nje, na meza, akavipanga chini ya ukuta. Akafagia. Akatandika nyasi sebuleni, kutoka ukutani hadi ukutani, kwa sababu hakujua Meneja angechagua upande upi na hakutaka kubishana naye tena. Lile gunia lenye viroboto akaliburuta hadi mbele ya nyumba, akalitia moto, akaweka na gogo juu ili liungue taratibu bila kurusha cheche. Kisha akamwita mbwa.

Meneja akaingia. Akanusa. Akazunguka pale pale, akazunguka tena kama afanyavyo mbwa kijana, akalala katikati ya sebule akiwa ameelekeza pua mlangoni, akatoa mlio ambao Leonsia hakuwa ameusikia tangu Apolinary yuko hai. Leonsia akapiga magoti kando yake kumtoa majani sikioni. Vumbi la nyasi lilikuwa limemwingia machoni, na shukrani nayo ilikuwa imempata, akakuta anatokwa na machozi na hana mkono safi wa kuyafuta.

Hapo ndipo Bernadeta alipopita.

Bernadeta alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwema, mwepesi wa huruma na wa miguu. Aliona viti nje. Aliona moto wa gogo mbele ya nyumba. Aliona nyasi sebuleni, na Leonsia amefunga kichwa, amepiga magoti, analia. Naye alijua kama mtaa wote kwamba Venant yumo kwenye treni. Watu wa Kagera, kama hao wa Muleba, wakitoa viti, wakakoka moto wa gogo nje na kutandika nyasi ndani, ni msiba, hakuna haja ya kuuliza kuna nini. Bernadeta hakuuliza. Aligeuka pale pale na kwenda kugonga milango.

Kabla chai haijachemka walianza kuingia. Wanawake walivua viatu mlangoni, wakaketi juu ya nyasi, wakanyoosha miguu. Kila mmoja alimshika Leonsia mkono kwa mikono miwili akamwambia pole. Leonsia alijibu kwamba ameshapoa, ilikuwa kazi ya asubuhi tu. Wakatazamana, wakatikisa vichwa. Wapo wanaofiwa wakapiga kelele, na wapo wanaosema maneno ya namna hiyo, na hao wa pili ndio wa kuangaliwa zaidi.

Sasa, desturi ya msiba ni kwamba humtajii mfiwa jina la marehemu kabla yeye hajalitaja. Unakaa naye. Na desturi ya Leonsia ni kwamba mgeni haulizwi amefuata nini. Unamkaribisha. Kwa hiyo desturi mbili njema zilikaa sebuleni zikitazamana, na katikati yake Meneja alilala.

Leonsia alidhani wamekuja kumpokea Venant. Alishangaa kidogo kwamba anapendwa kiasi hicho. Alishangaa zaidi walipoleta unga, maharage, sukari na kuni, lakini mtu akiletewa kuni hasemi leo sina haja. Wanaume walikaa nje kwenye viti alivyovitoa, wakachochea moto wa gunia, wakaongea kwa sauti za chini kuhusu bei ya pamba na nani wa kumpigia simu Muleba. Katekista alifika, akaketi karibu na mkia wa Meneja.

"Kazi ya Mungu haina makosa," akasema.

"Haina," Leonsia akakubali, akimtazama mbwa. "Nilikwenda mpaka Mlango Mmoja kutafuta, kumbe jibu lilikuwa hapa hapa nyumbani."

Katekista akainamisha kichwa, akawaza juu ya neno hilo muda mrefu. Bernadeta akaanzisha wimbo wa polepole. Leonsia akaimba sauti ya pili, kwa sababu aliujua vizuri.

Jambo moja tu lilimsumbua. Watu wote hawa walikuwa wamempita Meneja, wengine walimruka, mtoto wa mtu alimkanyaga mkia, na Meneja hakubweka hata mara moja. Alionekana mwenye raha kuliko mbwa yeyote mjini Mwanza. Hakuonekana mlinzi.

Saa za mchana Mashimba akaingia. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili na ameshika futi kamba. Akachuchumaa mbele ya Leonsia, akakohoa, akasema samahani mama, si wakati wake, lakini mbao anazo, na kazi ya namna hii haingoji.

Leonsia aliguswa. Alifikiri Mashimba anataka kumtengenezea Meneja fremu ya kuzuia nyasi zisitawanyike. Akamwambia Mungu ambariki, apime tu, lakini asiifanye ndefu mno, maana siku hizi analala amejikunja.

Mashimba akalitafakari hilo. Alikuwa ametengeneza majeneza mengi, lakini la kujikunja hakuwahi. Hatimaye akaweka mkono juu ya goti la Leonsia.

"Mama, nisamehe. Venant ni mrefu kama nani siku hizi?"

"Venant?" Leonsia akasema. "Amemfuata baba yake. Kwa nini?"

 Futi kamba ikajirudisha yenyewe kwenye kopo lake. Leonsia akawatazama wanawake mmoja mmoja, miguu iliyonyooshwa, khanga zilizofunika vichwa, kisha akatazama nje, viti, moto na gogo, na mwisho akatazama nyasi alizozikalia. Alikuwa mtu wa kuona mambo, na sasa aliyaona yote kwa pamoja.

"Bernadeta," akauliza taratibu, "nani amekufa?"

Bernadeta hakuwahi kujibu, kwa sababu marehemu alikuwa anaingia getini.

Treni ilikuwa imechelewa kama ada yake. Venant alikuja kutoka stesheni na begi la bluu na kapu la machungwa. Alipokata kona aliona moto mbele ya nyumba ya mama yake, wanaume kimya vitini, na kupitia mlango uliokuwa wazi, nyasi. Begi likaanguka. Machungwa yakatawanyika hadi mtaroni. Mtu mzima mwenye duka Kariakoo akaushika mhimili wa geti, akalia kwa Kihaya, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu alipoondoka shuleni, akimwita mama yake na kumwuliza kwa nini hakumsubiri.

Wanaume wakasimama. Wawili hawakuishia kusimama, waliruka ua wa jirani, maana si kila siku unamwona marehemu akija kujililia. Mlangoni Bernadeta akamwona, akaketi palepale alipokuwa, juu ya rundo la viatu. Venant akapita watu wote, akaingia sebuleni, akamruka Meneja, na mbele yake akamkuta mama yake amesimama na chupa ya chai.

"Karibu, baba," Leonsia akasema. "Vua viatu, kuna nyasi."

Ilichukua muda kabla hajaweza kuvua viatu. Alimshika mama yake mabega, akamwachia, akamshika tena.

Bernadeta alipopata pumzi alikasirika, na haki yake. Alisema mbele ya wote kwamba mtu hatandiki nyasi bila kutoa taarifa. Leonsia alisema ni kweli, akaomba radhi, akaeleza habari ya saruji, ya gunia na ya viroboto. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli wamemwimbia mbwa. Katekista alisema wimbo ule ni wa kumsifu Mungu, aliyekuwa amelala pale ni shauri lake. Kuhusu unga na maharage hakukuwa na mjadala, kwa kuwa mchango wa msiba haurudi ulikotoka. Masufuria yakawekwa motoni, sala ikageuzwa kuwa ya shukrani, na wale wawili wa uani wakarudi kwa mlango wa nyuma, wakala kuliko wote.

Jua likielekea ziwani, watu wakiwa bado wanakula, Venant aliketi nyasini karibu na mama yake. Alimtazama mbwa.

"Hakunyanyuka," akasema.

Leonsia angeweza kusema alikuwa na shibe, au kwamba aliwajua wote. Mashimba alikuwa amekwisha kusema hivyo, kwa wema wake. Lakini yeye hakuzoea kusema asichokiamini siku ambayo watu wamesali kwake.

"Hakunyanyuka. Na wewe umemruka, akakuangalia tu."

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana." Akakwangua ukoko wa maharage sahanini. "Nikuulize. Kule kwako nikifa asubuhi, mmekwenda kazini, nani atakuwa amejua kabla ninyi hamjarudi?"

Venant akafikiri. Akasema yuko mlinzi wa jirani.

"Anaitwa nani?"

Venant akafungua mdomo. Akaangalia nyasi, kana kwamba jina lilikuwa limeangukia humo. Nje Bernadeta alikuwa anamgombeza mtu kwa kumwaga maji ya kunawia karibu na moto, na mwingine alikuwa anaokota machungwa mtaroni, akiyafuta kwenye suruali kabla ya kuyarudisha kapuni.

"Simjui," akasema.

 Leonsia alimsogezea sahani, naye Venant akala.

Jumatatu Venant alikwenda stesheni kukata tiketi. Alikata moja. Alimwambia mama yake habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa anafunga begi, kwa namna ya mtu anayetaja hali ya hewa, akaongeza kwamba atamleta fundi aweke kitasa cha pili mlangoni na mti wa kukingia kwa ndani. Leonsia alisema kitasa ni kitu kizuri.

Bernadeta alikuja jioni yake na amri ya jumuiya. Nyasi zibaki, lakini zisiwe sebule nzima, na zisionekane kutoka barabarani, maana kuna wenye presha. Wakasogeza viti, wakajaribu upande huu, wakajaribu ule. Mwishowe Mashimba akazizungushia mbao fupi nyuma ya mlango, pale upepo usipofika na mbwa anapoweza kumwona kila aingiaye kuanzia viatu. Meneja aliingia, akanusa, akatoka. Akaenda kulala barazani juu ya saruji.

Leonsia akavuta kigoda, akaketi karibu na zile mbao, akatoa rozari yake. Haraka hakuwa nayo. Alikuwa ameshafika fungu la tatu aliposikia kucha zinakwaruza sakafu, taratibu, zikija ndani.